Sauti Iliyokosekana: Uhakiki wa Picha Jongefu za Majeshi ya Washirika katika Vita vya Pili vya Dunia kwa Kumrejelea Mtazamaji wa Mpanda

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza picha jongefu za kumbukumbu zilizopigwa na vikosi vya Washirika katika Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945), pamoja na filamu zilizohaririwa kutokana na picha hizo. Lengo lake ni kubainisha namna askari wa Afrika Mashariki anavyoonyeshwa, anavyofichwa na anavyonyamazishwa, na kupima uhusiano wa picha hizo na mtazamaji anayezungumza Kiswahili. Mtazamaji huyo amewekwa Mpanda, makao makuu ya mkoa wa Katavi, mji ulio mbali na hifadhi za London kwa umbali, kwa lugha na kwa mamlaka ya kusema picha inahusu nini. Uhakiki unadai kwamba pengo kubwa katika picha hizi ni la sauti na jina kuliko la mwonekano. Askari yumo ndani ya fremu, lakini hana jina, na maneno anayoyatamka mbele ya kamera hayasikiki. Inahitimishwa kwamba kuzisimulia picha hizi kwa Kiswahili ni kazi ya kihakiki inayohitaji masharti yake, na kwamba masharti hayo yanaweza kupatikana ndani ya Kiswahili chenyewe.

1.0 Utangulizi

Mtu anapotaja picha za Vita vya Pili vya Dunia, mawazo ya wengi huenda Ulaya: wanajeshi wakishuka kwenye fukwe za Normandy tarehe 6 Juni 1944, vifaru vikiingia Paris mwezi Agosti mwaka huo huo, na umati ukishangilia London tarehe 8 Mei 1945. Picha hizo zimerudiwa katika televisheni, katika vitabu vya shule na sasa katika simu za mkononi, hata zimekuwa kama kumbukumbu ya dunia nzima. Anayezitazama leo akiwa Mpanda huzipokea zikiwa na maelezo ya Kiingereza na muziki uliopachikwa baadaye. Aghalabu hupewa pia dhana kwamba vita hivyo vilikuwa vya watu wengine.

Dhana hiyo haina ukweli. Zaidi ya Waafrika 300,000 wa Afrika Mashariki waliingia jeshini katika vita hivyo, na Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya 80,000. Walipigana Somalia na Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944 na 1945. Wengine walifanya kazi za ujenzi, uchukuzi na ulinzi katika Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Katika batalioni za King's African Rifles, zile za 6, 26, 36 na 46 zilikuwa za Tanganyika. Eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kuugawa mkoa wa Rukwa, lilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi lililotawaliwa kutoka Tabora.

Uchaguzi wa Mpanda una sababu. Kwanza, mji huu umekua baada ya vita, kwa nguvu ya machimbo ya madini ya risasi na tawi la reli kutoka Kaliua. Kwa hiyo mji wenyewe ni mdogo kwa umri kuliko picha zinazohakikiwa, na hauna picha zake za wakati huo za kushindana na za wengine. Pili, Katavi ni mahali pa lugha nyingi. Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wasukuma waliohamia, na watu wenye asili ya Burundi waliopokelewa katika makazi ya Katumba na Mishamo miaka ya 1970 wanakutana katika Kiswahili. Picha isiyosimuliwa kwa Kiswahili haiwezi kuwa mali ya pamoja ya watu hao. Tatu, mkoa unapakana na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa kuna Kongo, ambayo askari wake wa Force Publique walipigana Ethiopia mwaka 1941 na ambayo hospitali yake ya medani ilihudumu Burma. Historia inayotafutwa hapa haiishii kwenye mpaka wa nchi moja.

2.0 Usuli: Kamera Jeshini

Jeshi la Uingereza liliunda kikosi chake cha sinema na picha, Army Film and Photographic Unit, mwaka 1941. Wapiga picha wake walikuwa wanajeshi waliopewa mafunzo katika studio za Pinewood, kisha wakapelekwa medani wakiwa na kamera za mkononi. Sehemu kubwa ya picha walizopiga ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena isiyo na sauti. Kila mpiga picha alitakiwa kuandika karatasi ya maelezo kueleza mahali, tarehe, kikosi na matendo yaliyomo katika kila kipande. Filamu na karatasi zilisafirishwa pamoja, zikapitiwa na wakaguzi wa jeshi, ndipo zikatumika katika sinema za habari au katika filamu ndefu. Mabaki ya kazi hiyo yamehifadhiwa katika Imperial War Museum mjini London.

Utaratibu huu unafundisha jambo la kwanza la kihakiki: picha ya kumbukumbu haikuwahi kuwa peke yake. Tangu siku ya kwanza ilikuwa na maandishi ubavuni. Picha ilisema kwamba kitu fulani kilikuwapo mbele ya kamera, na karatasi ikasema kitu hicho ni nini. Anayetazama bila karatasi anaona nusu ya kumbukumbu, na anayeamini karatasi bila kuihoji amekubali kuongozwa na aliyeiandika.

Jambo la pili ni kwamba si kila kinachoonekana kuwa cha medani kilipigwa medani. Katika filamu Desert Victory ya mwaka 1943, inayohusu vita vya El Alamein, baadhi ya matukio ya shambulio la usiku yaliigizwa na kupigwa Pinewood. John Huston naye, katika San Pietro iliyotolewa mwaka 1945, alitumia matukio mengi yaliyoigizwa upya na wanajeshi halisi wa Marekani baada ya mapigano nchini Italia. Ukweli huu hauzifanyi filamu hizo kuwa za uongo. Unaonyesha tu kwamba neno "kumbukumbu" halimwondolei mtazamaji wajibu wa kuuliza picha ilipatikanaje.

3.0 Kanuni Moja, Sababu Mbili

Hoja ya msingi ya uhakiki huu inaweza kuonekana kwa kulinganisha taasisi mbili zilizofanya kazi chini ya serikali moja, katika miaka ileile, kwa kutumia kanuni zinazofanana.

Taasisi ya kwanza ni Colonial Film Unit, iliyoundwa mwaka 1939 chini ya Wizara ya Habari ya Uingereza na kuongozwa na William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya ya jamii Nijeria. Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu za kuwashawishi watu wa makoloni waunge mkono vita. Miongoni mwa filamu zake za mwanzo ni Mr. English at Home ya mwaka 1940. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kuelewa lugha ya kawaida ya filamu. Kwa hiyo alitaka vipande viwe virefu, mwendo uwe wa polepole, kamera isigeuzwegeuzwe, na mkato wa ghafla kutoka mahali pamoja hadi pengine uepukwe.

Taasisi ya pili ni timu iliyoongozwa na Sidney Bernstein mwaka 1945, iliyopewa kazi ya kutengeneza filamu kuhusu kambi za mateso za Wanazi. Ilitumia, pamoja na nyingine, picha zilizopigwa Bergen-Belsen mwezi Aprili mwaka huo. Alfred Hitchcock aliitwa kutoa ushauri. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mhariri Peter Tanner, Hitchcock alisisitiza vipande virefu visivyokatwa, ili asiwepo mtu wa kudai kwamba picha zimeungwaungwa. Filamu hiyo haikukamilishwa wakati huo, na toleo lililorejeshwa na Imperial War Museum lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014.

Tofauti za kiufundi zipo. Sellers hakupenda kamera igeuzwe, ilhali picha za Belsen zinategemea mgeuko wa kamera kutoka kwa maiti hadi kwa walinzi na maofisa waliosimama kando. Hata hivyo, katika suala la mkato kanuni ni moja: usikate, mwache mtazamaji aone kitu katika ukamilifu wake. Kinachotofautiana ni sababu. Kwa mtazamaji wa Ulaya kipande kirefu ni ushahidi, kwa kuwa anahesabiwa kuwa mtu mwenye akili ya kutilia shaka na anastahili kuthibitishiwa. Kwa mtazamaji wa Afrika kipande kirefu ni msaada, kwa kuwa anahesabiwa kuwa mtu asiyeweza kufuata.

Hapa ndipo dhuluma ya kihakiki ilipo. Haiwezi kugunduliwa kwa kutazama umbo la filamu peke yake, kwa sababu umbo linafanana. Inagunduliwa kwa kuuliza filamu ilimdhania nani mtazamaji wake. Mtu wa Mpanda akitazama leo kipande kirefu cha askari wakivuka mto, ana haki ya kukisoma kama ushahidi, yaani kukihoji, kukisimamisha na kukirudia, badala ya kukipokea kama somo lililorahisishwa kwa ajili yake.

4.0 Askari Asiye na Jina

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiongozwa na Meja Jenerali Charles Fowkes, ilisonga mbele katika bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa mvua za masika, katika matope na malaria, ikiwafuata Wajapani waliorudi nyuma kutoka Imphal. Mwezi Disemba ilifika Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Daraja la Bailey lililojengwa hapo, lenye urefu wa takriban mita 350, lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Wapiga picha wa jeshi walikuwapo. Picha za mnato na za sinema zinaonyesha askari wakitembea kwa safu, wakisukuma magari yaliyozama matopeni na wakivuka maji.

Katika picha za aina hii askari anatazamwa kama sehemu ya safu. Kamera husimama mbali kiasi cha kuonyesha wingi na kazi. Inapokaribia uso, mara nyingi hutafuta tabasamu. Katika maelezo, ofisa Mwingereza hutajwa kwa cheo na jina, na askari wa kawaida wa Uingereza mara nyingi hutajwa pamoja na mji alikotoka, maana picha yake ingeweza kutumiwa na gazeti la nyumbani. Askari Mwafrika kwa kawaida huelezwa kwa jumla: askari wa Afrika Mashariki, mpiga bunduki, mbeba mzigo. Hali hii haielezwi na haraka ya vita. Haraka ilikuwa ileile kwa wote, na mpiga picha aliyepata nafasi ya kumuuliza mmoja jina angeweza kumuuliza na mwingine. Tofauti ilikuwa katika kumdhania nani atakayesubiri kuiona picha hiyo. Hakuna aliyetegemea kwamba kuna mama wa Kikonongo au wa Kipimbwe atakayetaka kumtambua mwanawe.

Jeshi la Kumi na Nne la Jenerali William Slim lilijulikana kama jeshi lililosahauliwa, kwa kuwa macho ya Uingereza yalikuwa Ulaya. Kwa hiyo askari wa Tanganyika alisahauliwa ndani ya jeshi lililosahauliwa. Mfano wa filamu mbili za mwaka 1945 unalifafanua hili. Filamu ya Hollywood iitwayo Objective, Burma!, iliyoigizwa na Errol Flynn, iliwaudhi Waingereza kwa sababu iliifanya kampeni ya Burma ionekane kama kazi ya Wamarekani, na ikaondolewa katika maonyesho huko Uingereza. Mwaka huohuo kikatoka Burma Victory, filamu ya jeshi iliyoongozwa na Roy Boulting, kwa kutumia picha halisi za medani. Waingereza walikuwa na haki kulalamika. Walielewa kwamba kufutwa katika picha ni kufutwa katika historia. Kipimo hichohicho kikitumiwa kwa haki, kinawahusu pia wale ambao kazi yao iliwekwa ndani ya picha na majina yao yakaachwa nje.

Ipo pia historia ambayo kamera haikuigusa kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika chache, na watu 1,297 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mhakiki anayetegemea picha peke yake atajenga historia yenye shimo mahali hapo. Wingi wa picha katika hifadhi unaonyesha mahali kamera ilipopelekwa, na hauwezi kutumiwa kama mizani ya uzito wa tukio.

5.0 Nani Aonekane Ulaya

Mtu anaweza kudai kwamba Waafrika hawaonekani katika picha za ukombozi wa Ulaya kwa sababu hawakuwapo. Kwa askari wa Afrika Mashariki dai hili lina ukweli kiasi, kwani medani zao kuu zilikuwa Afrika na Asia. Hata hivyo, historia ya Ufaransa inaonyesha kwamba kutoonekana kunaweza kupangwa. Mwezi Januari 1944 makao makuu ya Washirika yalieleza kwamba ingefaa kikosi cha Wafaransa kitakachoingia Paris kiwe cha wazungu. Divisheni ya Pili ya Vifaru ya Jenerali Leclerc ndiyo iliyochaguliwa, ikiwa na sehemu ndogo ya askari wa makoloni kuliko divisheni nyingine. Baadaye mwaka huohuo maelfu ya askari Waafrika waliopigana kusini mwa Ufaransa waliondolewa mstari wa mbele na nafasi zao kuchukuliwa na vijana wa Kifaransa. Kwa hiyo picha za Paris za mwezi Agosti 1944 hazikumkosa Mwafrika kwa bahati mbaya, kwa kuwa jeshi lenyewe lilikuwa limehaririwa kabla ya filamu.

Kwa Afrika Mashariki, mlango wa kuingia katika picha za Ulaya ulikuwa sherehe. Maandamano ya ushindi ya tarehe 8 Juni 1946 mjini London yalishirikisha vikosi vya makoloni na kupigwa picha za sinema. Askari ambaye Burma alionekana matopeni, London anaonekana akiwa amepigwa pasi na kupangwa mstari, akipita mbele ya mfalme. Picha hizo ni nzuri, na wajukuu wa askari hao wana sababu ya kujivunia. Lakini zinamwonyesha baada ya kazi kwisha, kama pambo la ushindi. Hazijibu swali ambalo askari wengi walirudi nalo nyumbani: walipigania uhuru wa nani? Mkataba wa Atlantiki wa Agosti 1941 ulitaja haki ya watu kuchagua serikali yao, na mwezi Septemba Churchill akalieleza Bunge kwamba waliolengwa hasa ni mataifa ya Ulaya yaliyokuwa chini ya Wanazi. Ukimya wa picha za maandamano unalingana na ukimya wa jibu hilo.

6.0 Sauti Juu ya Picha Bubu

Katika The True Glory, filamu ya Uingereza na Marekani iliyoongozwa na Carol Reed na Garson Kanin mwaka 1945, safari ya kutoka Normandy hadi kushindwa kwa Ujerumani inasimuliwa na sauti nyingi za wanajeshi wa kawaida. Picha zilipigwa bila sauti, sauti zikawekwa baadaye, na mwanajeshi akapata nafasi ya kuonekana kuwa mwenye habari yake. Mwaka 2018 Peter Jackson alikwenda mbali zaidi katika They Shall Not Grow Old. Aliwatumia wataalamu wa kusoma midomo ili kujua wanajeshi wa Vita vya Kwanza walisema nini mbele ya kamera bubu, kisha waigizaji wakayatamka maneno hayo. Kazi hiyo ilijikita katika askari wa Uingereza wa medani ya Magharibi.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba ubububu wa picha si hali isiyoweza kubadilishwa. Midomo ya askari wa Divisheni ya 11 ilitamka pia. Walizungumza Kiswahili cha kambini kilichojulikana kama Kikea, pamoja na lugha za makwao. Picha isiyo na sauti haimaanishi picha isiyo na lugha. Mtu anayekijua Kiswahili, akitazama kwa makini kipande ambamo askari wanavuta kamba au kuitana, yuko karibu na maneno yao kuliko mtaalamu yeyote asiyekijua. Kwa namna hiyo mtazamaji wa Mpanda, ambaye nadharia ya Sellers ilimweka chini ya ngazi ya uelewa, anageuka kuwa shahidi mwenye ujuzi ambao hifadhi haina.

Kiswahili pia kina historia yake ya kusimulia picha za wengine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 jaribio la sinema lililojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment lilifanya kazi Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Notcutt na Latham. Filamu zake ziliambatana na maelezo yaliyorekodiwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Wakati wa vita magari ya sinema yalikwenda na mkalimani aliyesimama na kipaza sauti akieleza kinachoonekana. Mkalimani huyo alipewa maneno ya kusema, lakini mbele ya umati wa usiku hakuna ofisa aliyeweza kuhakikisha kwamba kila neno lilikuwa la serikali. Miongo kadhaa baadaye, Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa usimulizi wa filamu za kigeni kwa Kiswahili nchini Tanzania, na kazi za aina hiyo zikaenea katika mabanda ya video nchini kote. Msimulizi wa banda hafasiri tu. Hueleza, hudhihaki, huonya, na huwapa wahusika majina ambayo watazamaji watayakumbuka. Kutoka Vugiri hadi bandani kuna mstari mmoja: picha inatoka nje, maana inakamilishwa hapa.

7.0 Utenzi kama Kipimo

Ushahidi kwamba Kiswahili kina chombo cha kusimulia vita hivi ulikuwapo kabla ya mabanda ya video. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, kazi ndefu iliyochapishwa kitabu kizima mwaka 1967. Mshairi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na vita vya Ulaya vilimfikia kama habari. Hata hivyo alivipanga vita hivyo katika umbo ambalo wasomaji wake walilimiliki, umbo lilelile lililokwisha kubeba vita vya kale na masimulizi ya dini.

Wahakiki wameuona utenzi huo kuwa unaegemea upande wa Waingereza, na uamuzi huo una msingi. Lakini kwa suala linalojadiliwa hapa, utenzi una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mshairi hakungoja kupewa sauti. Aliichukua habari ya wengine na kuisema kwa lugha yake bila kuomba ruhusa. La pili limo katika jina la kazi yenyewe. Kwa kuviita vita hivyo vya uhuru, Shaaban Robert aliliweka neno ambalo msomaji wa Tanganyika asingeweza kulisoma kwa maana ya Ulaya peke yake. Filamu za Washirika zilitumia neno hilohilo kwa Kiingereza na likabaki Ulaya. Katika Kiswahili lilikataa kubaki huko.

8.0 Hoja Kinzani na Masharti ya Usimulizi

Hoja mbili zinaweza kutolewa kupinga mwelekeo huu. Ya kwanza ni kwamba picha hizi ni nyaraka za jeshi, na si haki kuzidai kile ambacho hazikukusudiwa kufanya. Jibu ni kwamba matumizi ya picha hayakomei kwenye kusudi la mpigaji. Zilipigwa kwa ajili ya jeshi, leo zinafundisha historia mashuleni, zikiwemo shule za Katavi. Chombo kinapobadilishiwa kazi, hupimwa kwa kazi yake mpya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Msimulizi wa Kiswahili naye anaweza kupotosha. Uhuru wa msimulizi wa banda unafaa katika filamu ya mapigano ya kubuni. Ukihamishiwa kwenye picha ya mtu halisi aliyekufa Burma, unaweza kumfanyia dhuluma ya pili, yaani kumpa maneno asiyoyasema na ushujaa au woga asiokuwa nao. Hata kazi ya Jackson haiko salama na lawama hiyo, kwani midomo husomeka kwa namna zaidi ya moja.

Kutokana na hoja hiyo, uhakiki huu unapendekeza masharti matatu. Kwanza, msimulizi atenganishe kinachoonekana, kilichoandikwa na kinachokisiwa. Kiswahili kinaruhusu utengano huo kwa urahisi kupitia maneno kama "inaonekana", "imeandikwa" na "huenda". Msimulizi anayeyatumia kwa uaminifu humwachia mtazamaji uhuru wa kupima. Pili, pasipo na jina, kutokuwapo kwa jina kutajwe. Kusema "askari huyu hakuandikwa jina" ni sahihi zaidi kuliko kumwita askari tu na kupita, na ni heshima kubwa kuliko kumbunia jina. Tatu, maelezo ya hifadhi yawe na toleo la Kiswahili. Mwaka 2010 orodha ya pamoja ya filamu za kikoloni zilizo katika taasisi za Uingereza, yenye zaidi ya filamu 6,000, iliwekwa wazi kwa umma. Ni hatua kubwa, lakini orodha hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mtu anayemtafuta babu yake kwa maneno ya Kiswahili hawezi kumfikia, hata kama uso wa babu huyo umo ndani.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba picha jongefu za majeshi ya Washirika haziwezi kusomwa kwa kuangalia tu nani yumo na nani hayumo. Askari wa Afrika Mashariki yumo katika picha za Burma na za London, lakini karatasi ya maelezo ilimnyima jina, filamu ikamnyima sauti, na nadharia ya sinema ya kikoloni ikawanyima watu wa kwao hadhi ya kuwa mashahidi. Kulinganisha kanuni za Sellers na ushauri wa Hitchcock kumebainisha kwamba umbo moja la filamu linaweza kubeba heshima kwa mtazamaji mmoja na dharau kwa mwingine.

Kazi iliyobaki haiwezi kusubiri. Waliopigana karibu wote wamekwisha kufariki, na watoto wao, ambao wangeweza kuitambua sura, mwendo au kovu, nao ni wazee. Kila mwaka unaopita bila picha hizi kufika kwa watu hao zikiwa na maelezo wanayoyaelewa, idadi ya nyuso zinazoweza kurudishiwa majina inapungua. Inapendekezwa kwamba utafiti ujao uanze na vipande vichache vya Divisheni ya 11, vifasiriwe kwa masharti yaliyotajwa, na vipelekwe kutazamwa katika miji iliyotoa askari, Mpanda ukiwa mmojawapo, pamoja na bandari za Ziwa Tanganyika kama Karema, ambako kumbukumbu za Tanganyika na za Kongo hukutana. Picha zenyewe zitaendelea kukaa London bila kuharibika, lakini wenye kuweza kuzitambua hawatakuwapo kwa muda mrefu.